Sekunde Saba Nilizompunguzia Mzee

Jumanne ya mwisho ya mwezi wa tatu, mvua ikiwa bado imekataa kunyesha, mzee niliyemfanyia kazi kwa miaka kumi na sita alikufa akifunga kamba za viatu. Nilikuwa jikoni nikimchemshia chai ya tangawizi. Saa ya kupimia mbio ilikuwa tayari shingoni mwangu, inaning'inia kwa uzi mweusi kama asubuhi zote. Nilipoona kimya kimezidi nilitoka hadi verandani. Alikuwa ameketi kwenye kiti chake, kiatu cha kulia kimefungwa, cha kushoto bado.

Siku hiyo nilimpoteza mzee. Nilipoteza pia nafasi ya kumwambia kwamba kwa miezi saba nilikuwa nikimdanganya. Kifo chake wengi walikilia. Hilo la pili nililijua peke yangu.

Mimi ni mtu wa Dundori. Niliacha shule darasa la saba, nikaolewa, nikalima viazi, nikafiwa na mume, nikashuka Nakuru kutafuta kazi ya nyumba. Nilipoandikwa kazi mtaa wa Milimani, mke wa mzee alikuwa hai lakini hawezi kusimama. Nilimwogesha na kumlisha kwa miaka minne hadi akafa. Binti yao, ambaye ni mtoto wao wa pekee, anaishi Uingereza. Baada ya mazishi aliniuliza kama nitakaa na baba yake. Nilikaa.

Mzee alikuwa Mhindi wa kuzaliwa India, wale ambao watu wa huku huwaita Kalasinga. Alikuwa askari wa jeshi la huko na mkimbiaji wa mbio fupi. Kenya aliletwa na ndoa. Baba mkwe wake alikuwa na kiwanda cha mbao Elburgon, na mzee alikisimamia hadi msitu ulipofungwa na misumeno ikanyamaza. Kiswahili chake alifundishwa na wapasua mbao, kwa hiyo kilikuwa kifupi na hakikuwa na adabu nyingi. Mimi aliniita Sajenti. Nilimwuliza kwa nini, akasema, "Jeshini sajenti ndiye anafanya kazi. Wale wengine wote nakunywa chai."

Kila asubuhi isipokuwa Jumapili alikimbia mita mia. Barabara ya mbele ya nyumba ni tulivu, ina mijakaranda upande mmoja, na yeye mwenyewe aliipima kwa utepe wa kiwandani akapiga mstari wa rangi nyeupe mwanzo na mwisho. Askari wa geti la jirani alisimama mwanzo na vipande viwili vya mbao. Alipoviinua na kuvigonganisha, mzee aliondoka. Mimi nilisimama mwisho na saa.

Wiki ya kwanza nilikosea. Nilisubiri kusikia mlio ndipo nibonyeze. Mzee aliangalia saa, akatikisa kichwa.

"Sajenti, wewe napima na masikio."

"Si nimesikia vizuri, Mzee?"

"Umesikia vizuri, lakini umechelewa. Mlio ni kama barua ya posta, inafika wakati habari ishakuwa ya zamani. Wewe angalia mbao. Zikigusana, bonyeza. Ukingoja mlio, unanipa zawadi."

Zawadi hiyo, alisema, ni theluthi ya sekunde kwa mita mia. Sikuamini kitu kidogo namna hiyo kinaweza kumkasirisha mtu. Alinirudisha mstarini mara kumi asubuhi hiyo, yeye akiwa amekaa tu kwenye ukuta, askari akigonga mbao bila mtu kukimbia, mpaka kidole changu kikajifunza kufuata jicho. Watu waliokuwa wakienda kazini walisimama kutushangaa.

Baada ya kila mbio tuliandika kwenye daftari la shule: siku, upepo, muda, na sahihi yangu. Upepo aliupima kwa kurusha vumbi kidogo hewani. Sahihi alinilazimisha. Muda usio na sahihi ya mpimaji, alisema, ni uvumi. Nilikuwa sijawahi kutia sahihi kitu chochote zaidi ya karatasi ya kuandikwa kazi. Nilianza kujiona mtu.

Sasa ni lazima niseme alivyonisimulia kuhusu kamanda wake, maana bila hilo kosa langu linaonekana dogo.

Alipokuwa kijana jeshini alikimbia mita mia nne. Siku moja, katika mashindano ya kikosi chao, kamanda ndiye aliyeshika saa. Kamanda alimpenda kama mtoto wake. Mzee alishinda, na muda uliotangazwa ulikuwa mzuri kuliko wowote aliowahi kukimbia. Kwa muda huo alitiwa kwenye gari moshi siku mbili kwenda mji mkuu kushindania nafasi ya timu ya taifa. Wakimbiaji walikuwa wanane. Alikuwa wa nane.

"Nikajua miguu imeharibika," alisema. "Mwaka mzima nilitafuta makosa kwa mguu. Nikabadilisha viatu, nikabadilisha chakula, nikakimbia mpaka natapika. Kumbe makosa ilikuwa kwa kidole cha mtu mwingine."

Kamanda alikuja kukiri mwenyewe. Alikuwa amebonyeza kwa kuchelewa, makusudi, ili kijana wake apate nafasi. Kabla mzee hajajaribu tena, vita vilitokea mpakani, wakapelekwa milimani, na theluji ikala vidole viwili vya mguu wake wa kushoto. Hakushindana tena.

Nilimwuliza kama alimsamehe kamanda.

"Alinipenda sana yule mtu," akasema. "Hapana, sikusamehe."

Hayo nilikuwa nimeyasikia kwa masikio yangu kabla sijafanya nilichofanya.

Mwaka jana mwezi wa nane, ile baridi ya Nakuru ilimshika kifuani. Alilazwa wiki mbili. Alirudi nyumbani suruali zikimpwaya, hataki kula, hataki kufungua redio. Kabla ya ugonjwa alikuwa akikimbia kwa sekunde thelathini na moja au thelathini na mbili. Siku ya kwanza aliporudi mstarini, askari aligonga mbao, nikabonyeza kwa wakati kama nilivyofundishwa, na nikamtazama akija. Hakuwa akikimbia. Alikuwa anatembea kwa haraka huku mikono yake ikikimbia. Alipovuka mstari saa ilisema thelathini na nane.

Alisimama ameshika magoti. "Ngapi?"

Kwetu mgonjwa haambiwi kwamba ameisha. Unaingia, unamkuta amebaki mifupa, unasema leo umeamka vizuri, hata rangi imerudi. Ndivyo nilivyomwambia mume wangu mpaka siku ya mwisho, na hakuna aliyeniona mwongo. Ndiyo maana mdomo wangu ulifunguka wenyewe.

"Thelathini na tatu, Mzee."

Aliinua kichwa. Alinyoosha mkono apewe saa, lakini macho yake yalikuwa na ukungu na miwani aliiacha ndani, na kabla saa haijafika mkononi mwake nilikuwa nimeirudisha sufuri. Nilisema kidole kimeteleza. Huo ulikuwa uongo wa pili, na dakika moja ilikuwa haijaisha.

Asubuhi hiyo alikula mayai mawili. Alifungua redio.

Nilijiambia ni mara moja tu, mpaka apate nguvu. Lakini kesho yake ingekuwaje thelathini na nane tena? Na yeye alikuja na miwani mfukoni ili asome mwenyewe. Basi saa nayo ilibidi iseme uongo. Mbao zilipogusana sikubonyeza. Nilimngoja mpaka alipofika mjakaranda wa kwanza, ndipo nikabonyeza. Alivaa miwani, akasoma, akacheka. Niliandika daftarini, nikatia sahihi.

Kidole alichonifundisha kwa subira ile yote ndicho kilichofanya kazi hiyo, na kiliifanya vizuri. Nilijua kila mti ni sekunde ngapi. Alipopata nguvu kidogo, mwezi wa kumi na kumi na moja, kwa kukisia kwangu hakuwa anapungua chini ya thelathini na sita, lakini daftari lilisema thelathini na moja, kisha thelathini. Kila wiki nilimpa kidogo zaidi, maana mtu anayepona lazima aendelee kupona.

Askari wa jirani hakuwa mjinga. Aliweza kumwona mzee mgongoni akienda polepole, na jioni mzee alimpigia hesabu zake kwa majivuno juu ya ukuta. Siku moja nilipopita na mboga aliniambia, "Mathe, hiyo saa yako hulala njiani?"

"Wewe gonga mbao zako."

"Nagonga. Lakini leo hata bata angempita huyo mhindi wako, halafu anakuja kuniambia thelathini."

"Si uende umwambie?"

Alifikiri. "Hapana, mathe. Mimi nalinda geti tu."

Baada ya Krismasi, tarakimu ikawa ishirini na tisa. Nilikuwa sijakusudia ifike huko. Niliteleza, nilingoja mti mmoja zaidi kwa sababu mbwa alikatiza barabara nikamtazama. Mzee alisoma saa mara tatu. Chini ya thelathini, akiwa na miaka themanini na nne na vidole vinane vya miguu. Alimpigia binti yake simu saa ile ile, huko kukiwa bado hakujapambazuka, na nikamsikia akisema kwa Kipunjabi maneno marefu ambayo ndani yake nilisikia "Sajenti" mara mbili.

Kulikuwa na shule ya msingi karibu ambayo kila mwaka ilimwalika siku ya michezo kuwavisha watoto riboni. Mwaka huu aliwaambia hatavisha riboni kwanza. Atakimbia.

Wiki mbili kabla ya siku hiyo nilijaribu kumwambia. Ilikuwa Jumapili, nimetoka kanisani, tumekaa verandani namenya minji, zile njegere za kijani, naye anapaka viatu rangi. Nilisema, "Mzee, kuna jambo la ile saa." Akasema saa ikiharibika tutanunua nyingine. Nikasema haijaharibika. Akapuliza kiatu.

"Sajenti, unajua kwa nini mimi nakuamini? Yule kamanda alinipenda. Wewe napima."

Nilimaliza kumenya minji.

Siku ya michezo shule ilijaa. Mwalimu wa michezo, kijana mchangamfu mwenye filimbi, alitaka apime kwa simu yake. Mzee akakataa kwa sauti iliyofika mpaka kwenye viti vya wazazi. "Hapana, bwana. Sajenti yangu ndiye nashika saa."

Kwa hiyo nilisimama mwisho wa mstari wa chokaa, mbele ya watoto wote wale, na saa shingoni. Mwalimu alisimama kando yangu. Uwanjani hakukuwa na mijakaranda. Nilijua kwamba nikibonyeza kwa wakati atavuka mstari, atavaa miwani, na ataona. Nilikuwa na nafasi ya kumaliza jambo lile bila hata kufungua mdomo.

Askari wa jirani, ambaye mzee alikuja naye, aligonganisha mbao zake. Sikubonyeza. Nilihesabu moyoni mpaka saba.

Watoto walimshangilia kana kwamba ni mwenzao. Alivuka mstari akaniangukia begani, moyo wake ukipiga kwa nguvu hadi niliusikia kwenye mkono wangu. Alisoma saa. Ishirini na tisa na nukta nne. Mwalimu alikuwa amepima kwa simu vile vile, chinichini, kwa udadisi wake tu. Alinisogelea.

"Mathe, yangu inasema thelathini na sita na kitu."

"Yako imekosea," nikamwambia.

Alinitazama. Mimi nina umri wa mama yake, na mzee alikuwa amesimama pale akilia. Mwalimu alirudisha simu mfukoni, akachukua kipaza sauti, akatangaza ishirini na tisa na nukta nne.

Baada ya siku hiyo mzee alianza kukimbia mara mbili kila asubuhi. Alitaka ishirini na nane. Nilimwomba apunguze, akaniambia mtu hapunguzi wakati anapanda. Alikimbia hivyo siku kumi na moja. Ya kumi na mbili ndiyo ile Jumanne.

Nilimwuliza daktari kama ni mbio zilizomwua. Aliniambia, "Mama, miaka themanini na nne," akaendelea kuandika. Hilo si jibu, lakini sikupata lingine.

Binti alifika siku ya tatu. Tangu utotoni amekua Nakuru, Kiswahili chake ni cha huku, na mimi huniita Anti. Mzee alichomwa kama dini yao inavyotaka. Nilikuwa sijawahi kuona. Nilikuwa nimekunja mikono kifuani nikingoja wakati wa kutupa udongo, maana kwetu usipotupa udongo ni kama hukuaga, na wakati huo haukufika. Nilirudi nyumbani mikono ikiwa safi, sijui niifanyie nini.

Siku iliyofuata tulikwenda kuokota majivu, mimi na binti na mzee mmoja wa hekalu lao, kisha mimi na binti tu tukaenda kwa gari mpaka Mto Malewa, maana majivu ni lazima yaingie maji yanayotembea. Maji yalikuwa machache kwa sababu ya kiangazi. Ilibidi tushuke mawe mpaka tupate mahali pa kina kidogo. Alimimina. Aliniachia nami nimimine.

Wakati wa kurudi alisimamisha gari Kikopey ili anunue maji ya kunywa. Yeye hali nyama, na moshi wa majiko ulikuwa umetanda hadi barabarani. Kijana wa bucha alikuja dirishani. "Madam, mbavu ziko tayari, laini, hata mtu asiye na meno anakula." Alimkatalia kwa upole. Kijana akahamia upande wangu. "Mathe, mwambie basi."

Alipoondoka, binti alikunywa maji, akaniambia mambo mawili. Keshokutwa, kwenye maombi ya mwisho, atasimama na kuwasomea watu muda wa baba yake. Na shule imekubali apeleke kikombe cha mbio za mita mia, kitakachoshindaniwa kila mwaka, na fundi wa mjini tayari ana maandishi: jina la baba, na ishirini na tisa na nukta nne.

"Watoto watakisoma hata sisi tukiwa hatupo, Anti."

Nikamwambia si kweli.

Nilimwambia yote, kuanzia ile thelathini na nane mpaka kwa mwalimu wa michezo. Sikulia, niliogopa kwamba nikilia atanionea huruma. Alisikiliza akiwa ameshika usukani ingawa gari lilikuwa limezimwa. Nilipomaliza, aliniuliza:

"Alikusimulia habari za kamanda?"

"Alinisimulia."

"Kabla?"

"Kabla."

Aliwasha gari. Kabla hatujafika Nakuru alimpigia fundi simu na kumwambia asichonge kitu mpaka asikie kutoka kwake.

Kwenye maombi alisema baba yake alikuwa askari, alikuwa mkimbiaji, na alikimbia mpaka wiki aliyokufa. Muda hakuutaja.

Siku ya kuondoka kwake niliamka mapema nikafagia. Mabegi yalikuwa mlangoni. Aliniita kwenye meza ya chakula. Daftari lilikuwa pale, na kalamu nyekundu.

"Nionyeshe uongo unaanzia wapi."

Nilifungua mwezi wa nane. Niliweka kidole.

"Kata."

Nilikata mstari ule. Nikakata wa chini yake. Kurasa zilikuwa nyingi kuliko nilivyodhani. Alisimama kando yangu mpaka mwisho, hakunihimiza na hakuniambia nipumzike. Chini ya kila ukurasa alinionyesha mahali pa kutia sahihi, nikatia. Hakuna hata siku moja niliyoweza kuandika muda wa kweli, kwa sababu saa yangu haikuwahi kuupima. Siku ile ya kwanza tu. Niliandika pembeni, thelathini na nane.

Tulifika mstari wa siku ya michezo.

"Na huu?"

"Mwalimu alisema thelathini na sita na kitu."

"Na kitu gani?"

"Sijui. Nilimkatiza."

"Basi andika hivyo."

Niliandika: thelathini na sita na kitu. Nikatia sahihi. Nikavua saa shingoni nikaiweka juu ya meza. Aliichukua, akaizungushia uzi wake mweusi, akaitia begini pamoja na daftari. Kikombe hakukitaja, nami sikuuliza.

Nilimsaidia kubeba mabegi hadi kwenye gari. Aliingia, akateremsha kioo.

"Funga geti, Anti," akasema.

Gari lilitoka. Nikafunga geti.